Historia ya Fundi Rula, Aliyeigawa Karakana

Poleni wafiwa, poleni majirani, poleni mafundi mliofunga kazi leo ili mje kusimama nasi hapa. Familia imenituma mimi, mpwa wa marehemu, niwasomee maisha yake, na mjane wake aliponikabidhi karatasi hizi asubuhi alinipa sharti moja tu, kwamba nisome yote na nisimpambe mtu ambaye mwenyewe hakupenda kupambwa.

Mjomba alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, huko milimani, akiwa mtoto wa tatu wa mama mshonaji na baba mfyatua matofali, na waliomjua utotoni wanasema alikuwa mbishi hata kabla hajaota meno. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, akifaulu hesabu vizuri na nidhamu vibaya, kisha akaingia chuo cha ufundi, ambako alipata cheti cha useremala pamoja na jina la Rula, kwa sababu rula haikutoka kwenye mfuko wake wa nyuma hata akienda kutembelea wagonjwa, na jina hilo likamganda hadi mwanawe mmoja akaja kuliandika shuleni akidhani ndilo la kweli.

Tarehe 2 Februari 1968 aliajiriwa katika karakana ya samani iliyo nyuma ya stesheni, kwanza kama mfagia maranda, baadaye kwenye msumeno mkubwa wa meza. Kwa wasioijua kazi hiyo, msumeno ule ulitaka watu wawili, mmoja anausukuma ubao na mwenzake anaupokea upande wa pili, na mpokeaji akivuta ghafla, vidole vinavyokwenda ni vya msukumaji. Msimamizi wa enzi zile, mtu mkali asiyejua kucheka, alikuwa na utaratibu wa kumweka mtu wa milimani na mtu wa bondeni kwenye kila msumeno, akidai kwamba wakiwa kabila moja watapiga soga hadi jioni, basi mjomba akapewa kijana wa bondeni aliyeongea polepole kiasi kwamba wenzake walimwita Taratibu.

Mwanzoni hata salamu zao zilikuwa za shingo upande, ila kila mmoja alikuwa na vidole vya kulinda, na haukupita muda wakawa wanakula sahani moja, wakitaniana juu ya makabila yao kwa maneno ambayo siwezi kuyasoma mbele ya viongozi wa dini waliopo hapa. Ukiwauliza ni watu wa wapi, walikujibu kwa pamoja kwamba ni watu wa karakana. Palikuwa pia na desturi ambayo vijana wa leo hawaijui, kwamba msiba ukiingia nyumbani kwa fundi, jeneza linatengenezwa na mwenzake wa msumeno, haombwi wala haulizwi, anaanza tu. Babu yangu alipofariki mwaka 1979, jeneza lake lilitoka mikononi mwa Taratibu, na wazee wa milimani walipouliza huyu fundi wa bondeni ni nani, mjomba aliwajibu, "Ni ndugu yangu, mna swali lingine?"

Mjomba alifunga ndoa tarehe 8 Novemba 1975 na mwalimu wa chekechea, ambaye ndiye mjane wake aliyekaa hapa mbele, na aliyemsimamia siku hiyo alikuwa Taratibu, kwa suti ya kuazima iliyombana mabega. Walijaliwa watoto wanne, wa kwanza muuguzi, wa pili fundi umeme, na pacha wawili wa mwisho ambao mjomba alisema walikuja pamoja ili wapate nguvu ya kumshinda kwa kelele.

Juni 1988 msimamizi alistaafu, na uongozi ukaamua wafanyakazi wamchague mwingine kwa kujipanga uwanjani nyuma ya mgombea wanayemtaka. Wagombea walikuwa mjomba na fundi mmoja wa bondeni. Karakana iliyokuwa kitu kimoja kwa miaka yote ile ikapasuka kabla ya chai ya saa nne, wa milimani huku, wa bondeni kule, watu waliokuwa wakipokezana mbao jana hawatazamani usoni. Ndipo Taratibu akatoka kwenye kundi la kwao, akauvuka uwanja kwa mwendo wake uleule, huku nyuma anazomewa na kuitwa msaliti, akaja kusimama nyuma ya mjomba, na mjomba akashinda kwa mtu mmoja.

Jioni hiyo wa milimani walijaa nyumbani kwake wakimwambia asiwasahau watu wake. Mjomba, ambaye hakuwahi kukubali neno bila kubisha, siku ile aliwaitikia, na haikuisha wiki akawa amepanga misumeno upya, wa milimani kushoto, wa bondeni kulia, eti kuepusha ugomvi, na misiba nayo kila upande ushughulikie ya kwao. Taratibu alipangwa kulia, kwa waliomzomea, na mjomba akamwambia, "Vumilia kidogo, mambo yakitulia nitakurudisha." Ndivyo alivyosema mjomba, akimwambia mtu aliyempa usimamizi. Mambo yalitulia, tena mapema, na hakumrudisha.

Tarehe 17 Agosti 1991 mke wa Taratibu alifariki. Watu wa bondeni walikuwa hawajamsamehe, watu wa milimani walisema huo si msiba wao, na Jumapili yake Taratibu alifungua karakana akaanza kutengeneza jeneza la mkewe peke yake. Mjomba alipita nje akausikia msumeno. Ubao ukisukumwa na mtu mmoja, mjomba alimweleza mke wake baadaye, msumeno hauendi, unakata kidogo, unanyamaza, mtu anazunguka upande wa pili kuvuta, anarudi kusukuma tena. Alishika mlango. Ng'ambo ya barabara, kwenye mkahawa, walikuwa wamekaa wawili wa milimani, na mjomba akauachia mlango akaenda zake. "Walikuwa wananitazama," ndiyo sababu pekee aliyowahi kuitoa, na kila alipoitoa ilimtia aibu yeye mwenyewe.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2011, akapewa saa ya ukutani. Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua, na alipokuwa kitandani jina lililomtoka mara kwa mara ni la Taratibu. Siku moja wanawe walikodi gari wampeleke kwake, akavaa shati jipya, akavaa viatu, akakaa kitandani muda mrefu, halafu akasema mgongo unauma, twende wiki ijayo. Wiki hiyo hatukuipata. Mjomba alifariki tarehe 3 Septemba 2023, alfajiri, mikononi mwa binti yake muuguzi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, ambao aliwabishia hadi juu ya dozi, majirani mliopika na kufua bila kuitwa, na mafundi wote wa karakana, waliostaafu na walio kazini.

Jana mjane na mimi tulikwenda kumpa Taratibu taarifa. Alitupokea vizuri, alilia mbele yetu bila kujificha, akamsifu mjomba kwa mkono wake mwepesi kwenye msumeno. Tulipomwomba aje leo, alifikiri kidogo akatuuliza, "Nikija, nitakaa upande gani?" Akatusindikiza hadi barabarani, akatupa pole, akarudi ndani.

Nilidhani ni maneno ya mzee mwenye uchungu. Lakini tangu nianze kusoma nimekuwa nikiwatazama, ndugu zangu, na wa milimani mmekaa viti hivi vya kushoto, wa bondeni mmekaa vile vya kulia, na asubuhi hii hakuna aliyewapangia.

Pumzika kwa amani, mjomba, sisi uliotuacha bado hatujui pa kumkalisha Taratibu.