Joash Maranga, Aliyepika Mawe ya Karungu

Marehemu Joash Maranga Mniko aliitwa mwizi wa mafuta ya Karungu kwa karibu miaka tisa. Hakuiba chochote. Hilo limetangulizwa ili lisimkae mtu kooni wakati mengine yanasomwa, maana mengi ya maisha yake yalikuwa ya kuchekesha, naye angependa mcheke.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Kehancha, mtoto wa kwanza wa mzee Mniko na mama Jerusha. Baba yake alipohamia Karungu kununua samaki, Joash alikuwa na miaka sita, na mdogo wake Gisiri alikuwa bado anabebwa mgongoni. Mgongo wenyewe ulikuwa wa Joash.

Alianza shule hapa Karungu mwaka 1975. Siku moja alitia mawe ya kila rangi motoni aone lipi litapasuka kwanza. Moja lilipasuka, likarusha majivu ndani ya sufuria ya ugali. Mama Jerusha akamwambia ugali wote ni wake. Aliumaliza, kisha akaomba mboga. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1985, akasomea kazi ya maabara Kisumu, na tangu 1990 alitunza maabara ya shule moja ya sekondari Homa Bay.

Hapo sokoni Homa Bay ndipo alipompata Dorah Bosibori, aliyekuwa akiuza vitunguu na ambaye hakuwahi kuketi darasani hata siku moja. Joash alinunua vitunguu kila jioni kwa miezi minne. Baadaye dada zake walisema vilikuwa vimejaa nyumba nzima, vingine vimeota majani. Walifunga ndoa tarehe 10 Desemba 1995, wakajaliwa Mourine, Elvis na Liz.

Mwaka 2010 alihamia maabara ya mawe mjini Migori. Miaka sita baadaye watafiti walitaka kujua kama mawe meusi ya korongo letu hapa Karungu yanaweza kutoa mafuta na gesi, na Gisiri akawapelekea gunia moja kwa pikipiki yake. Jiwe husagwa, hutiwa pamoja na maji ndani ya mtungi wa chuma, mtungi hukazwa kwa bolti, kisha hupashwa moto wa nyuzi zaidi ya mia tatu kwa siku tatu bila kufunguliwa. Kazi ambayo ardhi huifanya kwa mamilioni ya miaka, mtungi huiharakisha. Joash alilala kando yake, na Bosibori akawa anampelekea uji.

"Baba Mourine, siku ya tatu hii. Hata maharagwe ya mwaka juzi yangekuwa yameiva."

"Mimi sipiki maharagwe, mama. Napika miaka."

Mtungi ulipofunguliwa, mafuta yalielea juu ya maji. Habari ilifika Karungu kabla yake. Vijana wakaanza kumwita Javan, mzee wa kijiji, kwa jina la Sheikh, kama matajiri wa mafuta wa Uarabuni, naye akawa anaitika. Lakini Joash alinusa na hakufurahi. Alichukua jiwe jingine la gunia lilelile, ambalo halijaona moto, akaliloweka kwenye maji baridi. Asubuhi mafuta yalikuwa yanang'aa juu. Akaja mwenyewe korongoni, akachimba mawe mapya, akayabeba kwa mkono, akayapika siku tatu. Yakatoa maji, na harufu ya yai bovu. Akaandika ukweli: mawe haya hayana mafuta.

Baraza liliitwa Agosti 2016. Watu wakasema ameuza mafuta yao kwa wageni. Bosibori akasimama, akasema gunia la kwanza yeye ndiye aliyesaidia kulifunga kwenye pikipiki ya Gisiri, na chini yake kulikuwa na jerikeni ya dizeli ya pampu ya maji, inayovuja.

"Nyar Kisii," akasema Javan, yaani binti wa Kisii kwa Kijaluo, "wewe mawe umeyasomea darasa la ngapi?"

Wakacheka. Gisiri, ambaye siku hizo alikuwa akitembea kifua mbele kwa kuwa ndiye aliyeleta mafuta, akaulizwa. Akasema, "Sikumbuki jerikeni yoyote."

Bosibori alitaka kumfuata mpaka kwake. Joash akamzuia. "Mwache. Ni ndugu yangu, atasema." Aliendelea kusalimia kila mtu, hata waliotemea mate njia aliyopita.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Gisiri alikuwa akimbeba mgongoni hadi kwenye gari la hospitali, hilo asinyimwe. Tarehe 16 Mei 2025, hospitalini Homa Bay, mbele ya Bosibori peke yake, Gisiri alisema, "Kaka, ilikuwa jerikeni."

Joash akacheka mpaka akakohoa. "Nilijua kwa harufu. Sasa kawaambie watu wa Karungu."

"Nitawaambia."

Joash aliaga dunia alfajiri iliyofuata, akiwa na miaka hamsini na saba. Amemwacha mjane wake Dorah Bosibori, watoto Mourine, Elvis na Liz, mjukuu mmoja, mama yake Jerusha, dada zake, na ndugu yake Gisiri.

Mzee Javan anadaiwa kumwomba radhi mjane, na anaweza kufanya hivyo siku yoyote. Deni la Gisiri ni la leo. Ameketi mstari wa mbele, na jeneza bado halijashushwa. Akisimama, akawaambia watu wa Karungu alichomwambia kaka yake, Joash atalala kwa amani.