Gari Lisilolowa

Ndani ya basi la kwenda mji wa Nagaoka, mbele yangu mama mmoja alikuwa amepakata figili tatu ndefu kama anayebembeleza mapacha na ndugu yao. Mzee aliyeketi kando yake akamuuliza kama nyumbani hawana gari.

"Tunalo. Lina miaka kumi na tisa na halijawahi kuharibika."

"Ndiyo magari ya nchi yetu hayo! Hongera, mama."

"Hongera ya nini? Litaharibikaje na haliendi popote? Mume wangu anavua viatu kabla ya kuliingia. Viti bado vina nailoni vilizokuja nazo. Ikinyesha mvua, halitoki. Ikianguka theluji, halitoki. Na huku kwetu, mzee wangu, jua umeliona lini?"

Mzee akasema gari ni kutunzwa, ndiyo maana linapita ukaguzi.

"Linapita sana! Kila miaka miwili mafundi wanamsifu, anarudi anacheka peke yake. Magoti yangu haya nani anayakagua?"

Mzee akatazama viatu vyake. Nikahisi naye ana nailoni zake nyumbani.

Basi likasimama. Kituoni, katikati ya mvua kubwa, mwanamume alikuwa amelowa chapachapa chini ya mwavuli wake, mkononi ana mwavuli wa pili.

"Si ndiye huyo?" mzee akachangamka. "Kaja kukupokea!"

"Kwa miguu," alisema mama, akashuka na kumtwika figili zote tatu.

"Usiwe na wasiwasi," mumewe akamwambia, maji yakimchuruzika puani. "Nimeshalifunika turubai."