Shukrani za Aliyeshindwa kwa Mhariri Ondiek

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi yetu, Mchungaji, Mzee Javan Ondiek unayestaafu leo, Mama Apondi mkewe, ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana, hamjambo?

Najua kuna wanaonong'onezana: huyu Ephantus Ng'ang'a wa hardware amealikwa na nani? Nimealikwa na Mzee mwenyewe. Gazeti lake la Jirani, linalotoka kila Ijumaa hapa Eldoret, ndilo lililochangia kuning'oa kwenye kiti cha wadi, na leo nimekuja kulishukuru.

Mnakumbuka nilivyoingia? Ulikuwa uchaguzi mdogo. Waliosajiliwa walizidi elfu kumi na moja, waliojitokeza hawakufika hata elfu mbili. Makarani walisinzia vituoni. Nikashinda kwa kura mia sita na kumi na mbili, nyingi za wateja wangu na waumini wenzangu, nami nikajiita chaguo la wananchi! Wananchi gani, ikiwa wengi hawakujua kuna uchaguzi?

Kisha Mzee Ondiek akaanzisha ile kona ya ukurasa wa tatu, "Mwakilishi Wenu Wiki Hii". Hakunitukana hata siku moja. Aliandika tu: "Alihudhuria. Hakusema." Wiki ya pili: "Alihudhuria. Hakusema." Ikaendelea karibu hivyo hivyo wiki kumi na moja. Mama Seline akaja dukani kununua misumari, akaniuliza mbele ya wateja, "Mheshimiwa, kwani huko bunge ya kaunti mnaendanga kunywa chai tu?"

Nikapandwa na hasira, nikaenda ofisini kwa Mzee nikipiga kelele. Mzee akanivutia kiti. "Ng'ang'a, nionyeshe penye nimeandika uongo, nirekebishe." Nikapekua matoleo yote, na kweli nikapata kosa moja: kuna wiki aliandika sikuhudhuria, na nilikuwepo! Akaomba radhi, akaahidi kurekebisha katika ukurasa wa kwanza. Ijumaa ikafika, herufi kubwa: "TUNAOMBA RADHI. MHESHIMIWA ALIKUWEPO. HAKUSEMA." Wadi nzima ilicheka. Mke wangu Betty pia alicheka.

Uchaguzi mkuu ulipokaribia, alichapisha orodha ya vituo, akatuuliza wagombea wote maswali yale yale, akaweka majibu yetu ubavu kwa ubavu. Sisemi gazeti pekee ndilo lililowatoa watu nyumbani. Barabara zetu mbovu pia zilisaidia. Lakini siku hiyo foleni zilifika nje ya lango, na Mama Seline, ambaye hakuwa amepiga kura kwa miaka kumi na tano, alisimama foleni akiwa na Jirani kwapani. Niliangushwa vibaya. Niliumia, sitawaficha. Ila kwa mara ya kwanza nilihisi kwamba watu wetu wanajali nani anawaongoza, na hiyo heshima Mzee ndiye aliyewapa.

Sasa Mzee anarudi kwao Siaya, na Jirani linabaki mikononi mwa binti yetu Emmaculate Chepkoech. Na nimesikia anashauriwa, tena na wengine walio humu ukumbini, aiondoe ile kona kabla ya uchaguzi ujao, aweke mapishi. Jamani, tunaogopa nini? Tunataka kurudi kuchaguliwa na watu mia sita?

Mzee Ondiek, asante. Ulinifanya niaibike, na aibu hiyo ilinifaa kuliko sifa zote nilizopewa nikiwa mheshimiwa. Mama Apondi, asante kwa kutuazima mume wako miaka hii yote.

Na wewe Emmaculate, jana uliniuliza kama nitagombea tena, nikakwepa. Leo nakujibu mbele ya hawa wote: nitagombea. Usiiondoe kona. Ijumaa hii anza na mimi, niulize kuhusu kile kivuko cha watoto wa shule nilichoahidi na sikujenga. Sina jibu zuri, lakini nitajibu.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia.