Hesabu ya Waliovuka

Asubuhi ile ya Alhamisi kijiweni walikuwepo watu wanne. Alikuwepo Fundi Saa, mwenye duka dogo ambalo ukuta wake ndio uliokuwa egemeo la benchi, na kwa sababu hiyo hakuna aliyewahi kubishana naye juu ya mahali pa kukaa. Alikuwepo Breki, aliyeendesha mabasi ya manispaa kwa miaka thelathini na mmoja. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu, maana kila akisimulia safari mguu wake wa kulia ulikandamiza ardhi kama vile mtu amekatiza mbele yake. Alikuwepo Desimali, mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye ukimwuliza umri wake alikutajia na miezi. Alikuwepo Shangazi, mwenye kahawa. Hakuwa shangazi wa yeyote kati yao, lakini haki ya kuwakemea alikuwa nayo. Hakuwepo Mpiga Chapa. Nafasi yake, ile ya mwisho wa benchi karibu na nguzo, ilikuwa wazi kwa mwezi wa tano sasa. Watu waliweka magazeti pale, na kuyaondoa upesi kila Fundi Saa alipoyatupia jicho.

Mbele yao ilikuwa njia panda ya katikati ya mji. Zamani ilikuwa na taa. Manispaa ikaziondoa, ikafunga njia wiki tatu, na ilipoifungua palikuwa na mzunguko: duara pana la saruji, katikati kifusi, na juu ya kifusi vichaka vya maua vilivyostawi kuliko mtunza bustani mwenyewe alivyotarajia. Magari hayakusimama tena. Yalipunguza mwendo, yakazunguka, yakachomoka. Sasa ubao wa manispaa ulikuwa umetangaza kwamba wakazi wenye maoni kuhusu mzunguko, kama umewafaa waendao kwa miguu au la, wayalete kwa maandishi kabla ya Ijumaa jioni. Maoni yakiwa mazuri, mzunguko ungebaki na mingine ingejengwa. Yakiwa mabaya, taa zingerudi.

Kijiwe kilikuwa kimeamua kuandika barua ya kuusifu mzunguko. Tatizo lilikuwa moja. Barua zote za kijiwe, ile ya mfereji ulioziba, ile ya balbu ya nguzo, na ile ya kumuaga mkuu wa zimamoto, zilipigwa na Mpiga Chapa kwa mashine yake, barazani pa posta, ng'ambo ya barabara. Na Mpiga Chapa hakuupenda mzunguko tangu ulipokuwa mchoro.

— Soma ulipofika, Mwalimu, alisema Breki.

Desimali alivaa miwani, akasoma. Alikuwa amehesabu siku sita wakati wa taa na siku sita wakati wa mzunguko, kwa saa ya kupimia mbio aliyoazimwa na Fundi Saa. Wakati wa taa, mtu alisubiri ukingoni kwa wastani wa sekunde hamsini na mbili nukta nne. Wakati wa mzunguko, kumi na tisa nukta moja. Zaidi ya hayo, zamani mtu alitumia sekunde kumi na mbili kukikata kivuko chenye milia. Sasa alitumia nane. Hakuna aliyeanguka, hakuna aliyegongwa. Mzunguko, aliandika, umewafanya watu wa mji huu kuwa wepesi.

— Wepesi? aliuliza Shangazi. Ni chakula cha mgonjwa?

— Ni jambo lililopimwa, Shangazi. Sekunde nne ni sekunde nne.

Breki alitaka barua iongezwe habari za udereva. Taa, alieleza, humfanya dereva awe kama mtoto wa shule, anangoja aambiwe. Ikiwaka kijani, anakanyaga bila kutazama, maana amepewa ruhusa na aliyempa hayupo pale. Lakini kwenye mzunguko dereva hapewi ruhusa na mtu, inambidi amtazame mwenzake usoni. Na kile kichaka cha katikati kilikuwa na faida kubwa, kwa kuwa kilimzuia dereva kuona ng'ambo, na dereva asiyeona mbele huingia kwa adabu.

Shangazi alisema adabu ya madereva hakuijua, bali alijua alichopoteza. Wakati wa taa watu walisimama pamoja pale ukingoni, wakasalimiana. Kwa taa moja nyekundu aliweza kujua nani amejifungua na nani amehama. Siku hizi watu walivuka mmoja mmoja, shingo zimegeuka, kama kuku aliyefukuzwa jikoni.

— Hizo ni habari za umbea, alisema Desimali. Hapa tunazungumzia usalama.

— Na mtu akikosa kuonekana siku tatu, utajuaje? Kwa desimali zako?

Lakini Breki alikuwa tayari ameshika kasi. Alianza kudai kwamba babu zetu walijenga nyumba za mviringo kwa kuujua ukweli huu, kwamba nyumba isiyo na pembe haina mahali pa watu kugongana. Desimali, ambaye kwa kawaida alimkatalia Breki kila jambo, safari hii alimzidi. Alisema hata dunia inazunguka, jua halijaiwekea taa, na haijawahi kumgonga mtu. Kutoka hapo walifika kwenye ndoa. Breki alishauri kila chumba cha wanandoa kiwekwe kitu katikati, meza au kapu la nguo, ili mume na mke wasikutane uso kwa uso bali wazunguke, aliyetangulia kuingia apishwe. Yeye mwenyewe, alisema, nyumbani kwake walitumia kabati, na hawajagombana tangu mwaka lilipoletwa.

— Hamjagombana kwa sababu mkeo anaishi kwa dada yake, alisema Shangazi.

— Ndiyo. Alipitia upande wa pili wa kabati.

Fundi Saa alicheka kidogo, puani. Alikuwa na saa ya mkononi iliyofunguliwa mapajani, na kioo cha kukuzia jichoni. Yeye ndiye aliyetia saini ya kwanza kwenye orodha ya kuunga mkono mzunguko, na hakuwa na sababu kubwa. Wakati wa taa, mabasi yalipanga foleni mbele ya mlango wake, yakitetema, na vumbi lake liliingia ndani ya saa za watu. Hilo tu.

Lakini siku aliyotia saini hakuisahau. Mpiga Chapa alikuwa amekaa pale mwishoni, koti lake zito limefungwa vifungo vyote, kikombe kimeshikwa kwa mikono miwili. Alimwomba asitie saini. Fundi Saa alimwuliza kuna faida gani gari kusimama bure mahali pasipo na mtu. Mpiga Chapa alimjibu kwa sauti ile ile ya chini aliyotumia kumsomea mteja barua yake.

— Wewe ndiye wa kuniambia kusimama ni bure? Ile tiki ya saa ni nini? Si gurudumu linadakwa jino, linasimamishwa, linaachiwa? Ulinieleza mwenyewe. Ukikitoa kile kidude kinachodaka, springi yote inaisha kwa dakika moja na saa haijui ni saa ngapi.

Fundi Saa alikuwa hajazoea kufundishwa kazi yake mbele za watu. Akatia saini. Kisha akasema neno ambalo baadaye alilipima sana, akaliona halikuwa na kosa isipokuwa namna alivyolisema.

— Anayetaka kuja atakuja tu.

Mpiga Chapa alimaliza kahawa yake, akavuka kwa taa, siku chache kabla hazijaondolewa, na hakurudi. Saa yake ya mfukoni, aliyokuwa ameileta ibadilishwe springi, ilibaki dukani. Fundi Saa aliitengeneza wiki hiyo hiyo. Kila asubuhi aliitoa kwenye droo, akaijaza, akairudisha. Wiki za kwanza alijiambia kwamba mtu ana hasira zake, zitapoa. Baadaye alijiambia kwamba mtu ana kiburi. Mara moja Desimali alikwenda posta akamkuta akipiga chapa, akaleta salamu: «Nawasalimu nyote.» Fundi Saa aliigeuza salamu ile kichwani siku nzima, akaona kwamba ni ya jumla mno, kama ya mtu anayetoka kwenye basi. Alipomwuliza Desimali kwa nini hakumdadisi mwenzao sababu ya kutokuja, Desimali alijitetea kwamba alikuwa na stempu mkononi, zimeshalowa.

— Basi, alisema Breki sasa, barua imekamilika. Nani ataivusha ikapigwe chapa? Aende Fundi. Si ana saa ya kumpelekea?

— Mwenye saa ndiye huifuata saa yake, alisema Fundi Saa bila kuinua kichwa. Miaka arobaini sijampelekea mtu saa nyumbani. Nikianza leo, kesho mtaniona nagonga milango.

— Ya mtu huyu tu, alisema Shangazi.

— Anajua duka lilipo.

Wakati huo mwanamke mmoja wa makamo alitokea upande wa kivukoni. Alivaa viatu vyeupe vya wauguzi, na kanga begani. Aliwasalimu wote shikamoo kwa mara moja, akauliza kama angeweza kukaa. Shangazi aliondoa magazeti mwishoni mwa benchi. Hakuna aliyemwambia kwamba pale pana mwenyewe.

Breki alifurahi kuona shahidi amejileta.

— Mwanangu, umevuka?

— Nimevuka.

— Umesubiri kiasi gani?

— Sikuangalia, baba.

— Chini ya nusu dakika, alisema Desimali, akaandika.

Kisha, kwa kuwa alikuwa amepata msikilizaji mpya, alimsomea barua yote tangu mwanzo, na nukta zake. Mwanamke alisikiliza, kikombe kimeshikwa kwa mikono miwili. Fundi Saa aliuona ushikaji ule, akarudi kwenye kazi yake. Barua ilipofika kwenye wepesi wa watu, mwanamke aliweka kikombe chini.

— Samahani, Mwalimu. Mtu aliyefika pale ng'ambo, akasimama, akashindwa kuvuka, akarudi kwake. Huyo mmemwandika safu ipi?

Desimali aligeuza daftari kurasa mbili nyuma. Safu zilikuwa tatu: muda wa kufika ukingoni, muda wa kuingia barabarani, na muda wa kutoka. Alizipitia kwa kidole, polepole, kama mtu anayetafuta jina la mtoto wake kwenye orodha ya waliofaulu. Ili mtu aandikwe, ilimlazimu avuke. Aliyerudi hakuwa na sekunde. Zaidi ya hapo, Desimali alihesabu akiwa amekaa benchi hili, na tangu vichaka vistawi, wanaosubiri ng'ambo hawaonekani kutoka hapa mpaka waingie barabarani.

Breki alianza kusema kwamba mtu wa namna hiyo hayupo, akaacha katikati. Shangazi aliinua chupa ya kahawa, akaitikisa, akairudisha chini bila kummiminia mtu.

Mwanamke alieleza kwa maneno machache. Baba yake alikuwa na ukungu machoni kwa miaka sita. Kazi yake haikudhurika, kwa kuwa vidole vyake vilizijua herufi zilipo, lakini mtaani alitembea kwa masikio. Taa hakuwahi kuziona. Alisikiliza magari. Upande mmoja ulipotulia, na injini zikabaki kunguruma mahali pamoja, alihesabu tatu, akavuka. Mzunguko ulipofunguliwa, ule utulivu haukuja tena. Asubuhi kumi na moja alivaa koti lake, akasimama kivukoni kuanzia saa tatu mpaka saa nne, akisikiliza, akarudi. Asubuhi ya kumi na mbili alilitundika.

— Tulimwambia atume mtu awaite mje kumchukua. Akakataa. Akasema Fundi anajua nilipo.

Fundi Saa alitoa kioo jichoni. Alitazama mbele, na alichokiona ni vichaka vya maua, na magari yakitokea upande mmoja wa vichaka na kupotelea upande wa pili. Miaka sita walikaa pamoja, na hakuwahi kufikiri kwamba mwenzake alikuwa akija kwake kwa kusikiliza. Alikumbuka jinsi Mpiga Chapa alivyozoea kuinamisha kichwa pale ukingoni kabla ya kuondoka. Yeye alidhani ni mtu anayetafakari.

Aliinuka, akaingia dukani. Walimsikia akifungua droo. Alitoka amevua aproni na kuvaa kofia, na saa ya mfukoni ikiwa imefungwa kwenye kitambaa cha njano cha kusugulia vioo. Ilikuwa ikienda, alikuwa ameijaza asubuhi.

— Twende, mwanangu, alisema. Nitampelekea mwenyewe. Ila unishike mkono. Mimi mwenyewe tangu wajenge kitu hiki sijavuka hata siku moja.

Desimali, ambaye mkono wake ulikuwa tayari kwenye kalamu, hakuandika kitu.

Mwanamke hakuinuka. Alimshika Fundi Saa kwenye kiwiko, akamketisha pale mwishoni mwa benchi, kando yake. Alisema alikuwa amekuja kuchukua saa ya baba yake, na kuwapa habari. Mpiga Chapa alifariki Jumatatu, saa nane mchana, nyumbani kwake. Walimzika Jumanne.