Oili Ipi Tuweke? Risala ya Waendesha Pikipiki wa Ghala la Mbao

Karibu

Mgeni rasmi, Mkuu wa Chuo cha Ufundi, shikamoo. Sisi waendesha pikipiki wa Kituo cha Ghala la Mbao tunakukaribisha kwa mikono miwili, na tunakuomba radhi kwa moshi uliokulaki pale njia panda. Haukuwa sehemu ya mapokezi. Ulikuwa wa mwenzetu mmoja aliyetaka kukusindikiza, na chanzo chake hatukijui. Wapo wanaosema oili imezidi, wapo wanaosema imepungua. Tumemwomba azime, akae.

Tulikotoka

Tulianza tukijibanza ukutani mwa ghala kila mvua inaponyesha, tukifukuzwa, tukirudi. Mwenye ghala akachoka kutufukuza, akatupa kona. Leo tunayo zamu, tunalo benchi, na tunalo banda hili la bati ambalo umekubali kutufungulia.

Tuliyoyafanikisha

Kila pikipiki ya kituo hiki ina helmeti ya abiria. Anayesahau mzigo wake kwetu anaukuta. Hata ugomvi wa kugombania wateja umekwisha. Tunagombana kwa jambo moja tu, nalo ndilo lililotufanya tuandike risala hii.

Changamoto

Katibu alikuwa ameandika nyingi: vumbi, mashimo, mbwa wa mtaa wa pili. Wanachama wakamwambia afute zote, abakize oili.

Mgeni rasmi, kopo la oili limeandikwa kumi, halafu W, halafu arobaini. Mwenzetu mmoja alitueleza kwamba W ni wiki, yaani ukimwaga oili leo, utamwaga tena baada ya wiki kumi. Tulimwamini kabisa, mpaka mwingine alipouliza, "Sasa hiyo arobaini ni nini, umri wa dereva?" Tukacheka.

Kicheko hicho kiliisha yalipomkuta mwenzetu tunayemwita Taratibu. Ametukubalia tuyaseme.

Taratibu ana mama mkwe mwenye mtoto wa jicho, macho yote mawili. Madaktari wa macho walikuja hospitali ya kule juu mlimani, na mama akapangiwa siku ya mwisho ya kazi yao. Akampigia simu mkwewe mwenyewe. "Baba, utanipeleka wewe. Hao wengine wananikimbiza." Taratibu alilibeba neno hilo kama zawadi. Akaosha pikipiki, akakaza mnyororo, kisha akaona hata injini inastahili oili mpya.

Hapo ndipo alipopotea. Fundi wake alimwambia, "Weka nzito, chombo kimezeeka." Mwenye duka la vipuri akamwambia, "Nzito ilikuwa ya zamani, kaka. Siku hizi ni nyepesi." Akampigia shemeji yake, dereva wa gari la abiria, naye akamcheka. "Achana na hizo. Weka ninayoweka mimi. Inayobeba gari zima itashindwa na kapikipiki kako?"

Taratibu akasimama dukani, kopo mkono huu, kopo mkono huu, na wateja wengine wakimpita. Anamwamini fundi wake. Muuzaji naye anauza vitu hivyo kila siku. Mwisho akachukua ya shemeji, kwa sababu shemeji ndiye aliyesema kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi.

Tambarare walikwenda vizuri. Walipoanza kuupanda mlima, injini ikanguruma na mwendo ukapungua. Akaongeza moto. Mngurumo ukazidi, mwendo ukapungua tena. Akadhani gia, akabadili. Akadhani tairi, akachungulia. Mama akamgusa begani.

"Baba, mbona inapiga kelele kama inakwenda?"

"Hata mimi sielewi, mama."

"Nishuke?"

"Hapana mama, kaa tu."

Angemshushaje mama mkwe katikati ya mlima, watu wakitazama? Lakini pikipiki ikasimama yenyewe. Mama akashuka, akakaza kilemba, akapapasa mpaka akakipata chuma cha nyuma cha kubebea mizigo, akaanza kusukuma. Taratibu anasema hatasahau: mama asiyeona anamsukuma yeye mwenye macho. Akaiegemeza pikipiki kwenye ukuta wa watu, akamshika mkono, wakapanda kwa miguu. Kila penye shimo alimwambia, "Hapa inua mguu, mama." Alitupigia simu, nasi tulikuwa ng'ambo ya mji.

Walifika wakawakuta madaktari wanafunga masanduku yao. Muuguzi akasema watarudi, ila siku haijulikani.

Sasa mgeni rasmi, tusikilize. Fundi wake alifungua injini akasema, "Klachi inateleza, nguvu ya injini haifiki kwenye tairi. Oili ya gari ina ulaini ambao klachi ya pikipiki haiutaki." Fundi wa mtaa wa pili akaangalia klachi ileile akasema, "Hii imekwisha tu. Ingeteleza hata kwa oili ya peponi." Shemeji akasema kopo lilikuwa feki. Kila mmoja tulimwona anasema kweli, na wote hawawezi kuwa wanasema kweli. Nusu ya kituo iko na fundi wa kwanza, nusu iko na wa pili, na wenzetu wawili hawasalimiani mpaka leo.

Mkewe alimuuliza Taratibu swali moja tu: "Kwa hiyo ilikuwa oili, au haikuwa oili?" Mama mkwe hajamlaumu hata kwa neno, na hilo ndilo linalomchoma. Klachi ameweka mpya, lakini mlima haupandi tena. Abiria wa huko anawaachia wenzake, anasema ana mafua.

Maombi

Katibu aliandika tuombe rangi ya banda. Nayo tumeifuta.

Tunaomba utuletee mwalimu mmoja wa chuo chako. Aje akae kwenye benchi letu, afungue injini mbele ya macho yetu, atuonyeshe oili inapita wapi na inagusa nini, kisha atuambie tuweke ipi. Na kama kuna asilolijua, aseme hajui. Hilo nalo litatufaa sana, maana katika habari yote hii hatujampata hata mtu mmoja aliyesema hajui.

La pili tunajua haliko mikononi mwako. Lakini unakaa vikao na wakubwa wenzako. Ukisikia madaktari wa macho wanarudi, tutumie ujumbe mapema. Mama yuko hapa, safu ya mbele. Ndiye yule aliyekiamkia kiti chako kabla hujakikalia.

Siku hiyo ikifika, kituo kizima kitamsindikiza, ili moja ikigoma nyingine iwepo. Tulibishana nani ampakie. Mama akasikia, akakata shauri mwenyewe: "Nitapanda ya mkwe wangu." Taratibu akainamisha kichwa. Ndipo tukaamua kukuandikia.

Mungu akujalie afya, akufikishe salama nyumbani kwako, na kila mlima utakaoupanda akuvushe.

Ni sisi wanao,
Waendesha Pikipiki wa Kituo cha Ghala la Mbao.