Kisu cha Kufunguliwa kwa Mkono Mmoja

KINYOZI: Haloo? Nani mwenzangu?

DADA: Haloo! Unanisikia?

KINYOZI: Nakusikia nusunusu. Namba siijui hii. Nani?

DADA: Ni mimi, dada yako. Nimeazima simu ya jirani, yangu imezima chaji.

KINYOZI: Aa, dada! Shikamoo.

DADA: Marahaba. Uko kazini?

KINYOZI: Kazini kabisa. Nina kichwa cha mtu hapa, nusu nimeshanyoa, nusu bado kichaka. — Kaka, samahani, dakika moja, ni nyumbani. — Enhe, dada. Baba hajambo?

DADA: Hajambo. Hajambo tu. Kisu kimefika.

KINYOZI: Kimefika! Mbona hukusema? Nimekaa roho juu tangu juzi, nikajua yule wa basi niliyemtuma kakitia mfukoni.

DADA: Kimefika salama. Kizuri. Kwanza chepesi. Na ule mpini wa mpira, hautelezi hata mkono ukiwa na jasho.

KINYOZI: Si nilikwambia? Muuza vikorokoro hapa nje ya saluni alinimwagia visu vyake vyote mezani, nikavikagua kimoja kimoja. Cha mpini wa mbao kilikuwa cha kuvutia, cha bei mbaya, lakini kufungua mpaka uingize ukucha, mkono wa pili ushikilie. Nikamwambia peleka huko. Kingine bawaba inacheza kama jino la mtoto. Hiki nikakitikisa, kimya. Nikanyoa nywele za mkono wangu, zikaondoka zote.

DADA: Kwa hiyo mkono una kipara.

KINYOZI: Mpaka leo! Wateja wanauliza kama ni fasheni. Bei yake ya kawaida, dada, lakini si takataka. Mimi chuma nakijua, nakula kwa chuma. Sasa niambie, anakifungua?

DADA: Anakifungua.

KINYOZI: Mwenyewe?

DADA: Mwenyewe. Kwa kushoto. Anasukuma kale kanundu ka kwenye bapa kwa kidole gumba, tak! Kinafunguka.

KINYOZI: Weee!

DADA: Alifungua mara ya kwanza, akakitazama, akacheka. Kile kicheko chake cha zamani, cha mdomo wote. Mimi nikaingia ndani nikajifanya natafuta chumvi.

KINYOZI: Dada, acha bwana. Unataka nilie mbele ya wateja? Maana mimi kilichokuwa kinaniuma ni ule wito wake. Tangu upande wake wa kulia upooze, kila kamba ikitaka kukatwa anaita, "Nifungulieni kisu." Mtu aliyesuka viti vya mtaa mzima!

DADA: Najua. Mimi ndiye niliyekuwa naitwa.

KINYOZI: Sasa haiti mtu. Na kazi je? Ameanza?

DADA: Alianza. Mwenye duka la dawa alimletea kiti, kile cha kukaa mbele ya duka. Akakibana kwa magoti, kamba anavuta kwa mkono na meno. Alisuka mpaka nusu.

KINYOZI: "Alisuka"? Sasa hivi anafanya nini?

DADA: Amepumzika.

KINYOZI: Saa hizi za asubuhi? Baba?

(Mtandao unakwaruza.)

DADA: Haloo? Unakatika.

KINYOZI: Mimi sikatiki, wewe ndiye umenyamaza. Dada, kuna nini?

DADA: Hakuna kitu. Nilitaka kuuliza kitu kidogo tu. Hiki kisu kinakunjwaje?

KINYOZI: Aaa! Umenitisha bure. Kukikunja ni rahisi. Tazama ndani ya mpini, pale kwenye uwazi, kuna kibati kimesimama nyuma ya bapa. Hicho ndicho kinachozuia kisu kisijikunje wakati wa kukata. Ukisukume pembeni kwa gumba, kisha kunja taratibu. Usalama wenyewe ndio huo. Baba hajakiona?

DADA: Amekiona.

KINYOZI: Basi asukume.

DADA: Hawezi.

KINYOZI: Kimekaza? Labda kwa sababu ni kipya, kitie tone la mafuta, hata ya kula—

DADA: Si kukaza.

KINYOZI: —halafu akikunjekunje mara—

DADA: Hebu nisikilize! Si kukaza. Kidole gumba chake hakifiki.

KINYOZI: Hakifikije? Mimi kilifika bila hata kutazama. Nilikifungua na kukikunja palepale mezani, mkono mmoja, hata mara kumi.

DADA: Mkono gani?

(Kimya.)

DADA: Haloo?

KINYOZI: Nipo.

DADA: Nimekuuliza mkono gani.

KINYOZI: Ngoja. Yule muuzaji bado anavyo hapo nje. — Mzee, nipe kile cha mpini wa mpira. Hicho hicho. Nakurudishia sasa hivi. — Ngoja, dada, usikate.

DADA: Sikati, ila salio ni la watu.

KINYOZI: Haya, ninacho. Nashika kwa kushoto. Kimefunguka, vizuri, vinundu viko pande zote mbili. Sasa kukunja. Gumba liko ... aa. Kibati kiko upande wa pili. Gumba halina cha kusukuma. Inabidi vidole hivi vingine viingie kwenye uwazi, vikivute ... halafu bapa likirudi linapita—

DADA: Linapita hapo hapo vilipo vidole.

KINYOZI: Dada.

DADA: Eeh.

KINYOZI: Amejikata?

DADA: Alikataa nimwite mtu. Nilimwambia, Baba lete nikukunjie, akasema, "Nimefungua mwenyewe, nitafunga mwenyewe." Nikaenda kuanika nguo. Akakiegemeza kwenye paja ili asukume kwa—

KINYOZI: Amejikata mkono wa kushoto?

DADA: Vidole viwili. Muuguzi ameshona. Amesema mfupa haukuguswa.

KINYOZI: Mkono wa kushoto, dada! Ndio uliobaki!

DADA: Usinipigie kelele, mimi sikununua.

(Mashine ya kunyolea inanguruma kwa mbali, kisha inazimwa.)

KINYOZI: Samahani.

DADA: Hapana, mimi ndiye samahani. Sikutaka kulisema hivyo.

KINYOZI: Ni kweli lakini. Niliyenunua ni mimi. Mtaalamu wa chuma! Nilifikiria kufungua, dada. Nilifikiria kufungua tu. Sasa ... anakulaje?

DADA: Namlisha.

KINYOZI: Anakubali?

DADA: Anafumba macho. Anafungua mdomo, lakini macho anayafumba mpaka amalize.

KINYOZI: Yarabi.

DADA: Na bado kisu kiko wazi. Ndiyo sababu nimekupigia. Mimi mwenyewe nimejaribu kukikunja kimenigomea, mtu mzima naogopa kipande cha chuma. Nimekifunika kwa sufuria pale barazani kama kifaranga, na watoto wa watu wanapita.

KINYOZI: Nitakuelekeza. Baba yuko wapi?

DADA: Hapo hapo barazani. Mimi nimekuja nyuma ya nyumba ili asinisikie.

KINYOZI: Basi kichukue ulete huko nyuma, asione.

DADA: Siwezi, nikinyanyua tu sufuria ataona. Haya, natoka. Naweka spika, kwa hiyo chunga mdomo. Habari ya hospitali hukuniuliza, sawa? Alisema nisikwambie.

KINYOZI: Sawa.

DADA: Baba, ni kinyozi wetu huyu, anasalimia. ... Anaitikia.

KINYOZI: Shikamoo, Baba!

DADA: Amekuitikia kwa kichwa. Haya, sema.

KINYOZI: Kishike kwa kulia. Makali yatazame juu, uone ule uwazi. Vidole vyote vikae nje, pembeni ya mpini, hata kimoja kisiingie ndani.

DADA: Vipo nje.

KINYOZI: Gumba liweke juu ya kibati. Sukuma pembeni, upande wa kushoto.

DADA: Kigumu.

KINYOZI: Sukuma kama unabandua ganda la yai. Kimeondoka?

DADA: Kimeondoka.

KINYOZI: Kunja kidogo kwa mkono wa pili, toa gumba, kisha malizia.

DADA: Ee. ... Kimekunjika.

KINYOZI: Umeona? Pole na ...

(Sauti ya mzee inasikika kwa mbali.)

KINYOZI: Dada?

DADA: Amesema kitu.

KINYOZI: Amesemaje?

DADA: Amesema, "Kumbe ni rahisi hivyo."

(Mtandao unakwaruza.)

KINYOZI: Baba! Baba, sikiliza, nitatafuta kingine! Vipo vya mashoto, lazima vipo, haiwezekani dunia nzima—

DADA: Subiri, anaongea. ... Anauliza umewahi kuviona?

KINYOZI: Mwambie ... Sijaviona. Lakini nitauliza. Au visu vile visivyokunjwa kabisa, vya ala, anachomeka tu—

DADA: Hasikilizi tena. Anaonyesha kiti. Nini, Baba? ... Eti nimpigie mwenye duka la dawa.

KINYOZI: Wa nini?

DADA: Aje achukue kiti chake.

KINYOZI: Kikiwa nusu?

DADA: Nimemuuliza hivyo hivyo. Anasema fundi mwingine atamalizia.

KINYOZI: Dada, usipige. Toa spika kwanza. Umetoa?

DADA: Nimetoa.

KINYOZI: Kile kiti kikitoka hapo, Baba hashiki kamba tena. Unamjua. Vidole vitapona, lakini kiti kikitoka ndio basi.

DADA: Namjua. Lakini nimwambie nini? Ananitazama. Anasubiri nikate nimpigie mtu. Na salio limebaki kidogo, linatosha simu hiyo moja tu.

KINYOZI: Vocha?

DADA: Muuza vocha kafunga leo, ana msiba. Mpaka kesho.

KINYOZI: Basi usikate.

DADA: Nini?

KINYOZI: Usikate. Tuongee mpaka liishe. Likiisha, leo hupigi. Kesho tutajua la kusema.

DADA: We mtoto, hiyo ndiyo dawa uliyoipata?

KINYOZI: Sina nyingine, dada. Kama unayo, nipe.

DADA: Tuongee nini sasa?

KINYOZI: Chochote. Mvua imenyesha?

DADA: Haijanyesha.

KINYOZI: Na lile bati la jikoni, bado linapigapiga?

DADA: Bado. Nimeliwekea tofali.

KINYOZI: Tofali moja?

DADA: Mawili. — Ee Baba, nakuja, bado tunaongea! — Amenyoosha ule mkono wenye bandeji, anaitaka simu.

KINYOZI: Usimpe. Zungumza. Cheka, aone ni mambo ya maana.

DADA: Siwezi kucheka mimi.

KINYOZI: Cheka tu, dada, tafadhali. Mteja wangu huku kaondoka na nusu kichwa, nimemuona anavuka barabara na shuka langu shingoni.

DADA: (anacheka, sauti inakatika) Mwongo wewe.

KINYOZI: Haki ya nani! Bado anaangalia?

DADA: Anaangalia. Simu imelia tii, salio linakwisha.

KINYOZI: Vizuri. Endelea. Hayo matofali, uliyatoa wapi?

DADA: Yale ya ... yale ya ukutani, kule nyuma, yalibaki wakati Baba alipojenga—

KINYOZI: Ee, alipojenga nini? Dada? Alipojenga nini?