Ndege Ilizunguka, Ikaondoka

Benchi la Isihaka, muuza kahawa, liko nyuma ya soko la Nachingwea, ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, na asubuhi ile ya Juni lilijaa hasira kabla kahawa haijachemka. Ndege ya madaktari wa macho ilikuwa imekuja. Mji mzima uliisikia. Ilishuka ndani ya ukungu, ikanguruma juu ya mabati, ikazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, kisha ikapanda ghafla na kuelekea Mtwara. Hospitalini, wagonjwa waliotoka Ruponda, Kiegei, hata Mandawa kule Ruangwa, walibaki mikekani nyuso zikiwa zimeinuka. Mmoja wao alikuwa Bi Saada, mama yake Harithi. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili, na alfajiri ile, akishikwa mkono kwenda hospitali, alimwambia mwanawe: “Leo nitaona ulivyozeeka.” Sasa Harithi, ambaye benchi lilimwita Zamu kwa sababu hakuna kilichomuudhi kama mtu kurukwa kwenye foleni, alikaa na kikombe asichokinywa.

— Rubani mwoga yule, alisema Saturnini. Wenzake walimwita Hakimu, maana hukumu zake hazikusubiri ushahidi. — Umeuona uwanja, umeuzunguka, halafu unaondoka? Dereva wa lori la korosho angekuwa ameshateremsha mzigo.

— Mama yangu amefunga tangu jana jioni, Harithi alisema. — Wamemwambia asile, hakula. Foleni ni yake. Nani amempa mtu ruhusa ya kuiruka?

— Hakimu, wewe unadhani ni woga? aliuliza Mahamudu, dereva wa bodaboda aliyeitwa Redio. — Mimi naona wametuzidi akili. Hiyo ndege ilikuwa ya Ruangwa tangu mwanzo. Hapa wamepita kutusalimia tu.

— Ruangwa ipi, na ndege imekwenda Mtwara?

— Imezunguka, Hakimu. Utajuaje ilikokwenda na ukungu wote ule?

— Basi sikilizeni, Saturnini alisogea mbele. — Si Ruangwa wenyewe, ni kinywe chao. Yale madini meusi ya kutengenezea penseli yamejaa kule ardhini. Ndege ikishuka na vyombo vyake, kinywe kinaivuta. Rubani anadhani yuko Nachingwea, kumbe mshale wa dira unaelekea Ruangwa.

— Kinywe si sumaku, Hakimu, alisema Mahamudu.

— Umewahi kukaa juu yake na ndege?

— Sijawahi.

— Basi nyamaza.

Mahamudu alishusha sauti, ingawa hakukuwa na mtu wa kumsikia zaidi ya Isihaka na birika lake. — Mimi nawaambia hao si madaktari. Wanapiga picha. Ndege inazunguka, inapiga picha madini, inaondoka. Zile herufi wanazowasomesha wazee ukutani ni geresha.

— Kwa hiyo mama yangu amefunga kwa ajili ya geresha? aliuliza Harithi.

Mahamudu aliinamia kikombe chake. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu hapendi kuona jambo limekosa sababu.

Hapo ndipo Faith alipofika na chupa ya chai mkononi. Alikuwa nesi wa macho aliyehamishiwa Nachingwea kutoka Mbeya, na macho yake mwenyewe yalionyesha hakulala.

— Shikamooni.

— Marahaba, dada. Wenzako wametufanya watoto, Harithi alisema. — Wanakuja mpaka mlangoni, wanachungulia, wanarudi.

— Nimeongea na rubani kwa simu sasa hivi, baba. Na mimi nilimfokea kwanza.

— Akajibu nini?

Faith alimpa Isihaka chupa ajaze. — Anasema kwenye ukungu anashuka kwa vyombo, haoni kitu, mpaka kimo fulani. Chini ya hapo haruhusiwi bila kuuona uwanja. Akauona. Lakini vyombo vilimleta kwa ubavu, si kwa kunyooka, kwa hiyo ilimbidi auzunguke kwa macho yake ndipo atue. Akiwa katikati ya kuzunguka, uwanja ukapotea.

— Umepoteaje? Uwanja unahama? aliuliza Saturnini.

— Hata mimi nilimuuliza hivyo. Anasema ukimpotea, hata kidogo tu, anapanda na kuondoka. Habahatishi. Chini kuna miti na watu. Anasema upande ule wa mikorosho hewa ilikuwa ya manjano, nzito kuliko ukungu.

Kila mmoja aliijua hewa ile ya manjano. Ni salfa, unga unaopulizwa na mashine za mgongoni alfajiri, umande ukiwa bado majanini, ili ugonjwa wa unga usile maua ya mikorosho.

— Amri, alisema Harithi polepole. — Leo mashine ilikuwa shambani kwa Amri, kule kule uwanjani. Mtu mzima hasikii ndege?

— Mashine ile ikinguruma mgongoni husikii hata mkeo akikuita, alisema Isihaka.

— Wanarudi lini? aliuliza Saturnini.

— Kesho alfajiri, mara ya mwisho. Mchana ndege ina kazi nyingine, na wakija kwa gari siku yao itaishia njiani. Ikishindikana, wanakwenda mkoa mwingine. Faith alipokea chupa yake. — Ninyi wenye mashamba kule uwanjani, kesho mnapulizia?

Aliwatazama mmoja mmoja, akangoja, kisha akaketi pembeni ya benchi.

Harithi aliitazama kahawa yake. Kesho ilikuwa zamu ya shamba lake, nalo liko kando ya uwanja. Mashine ni ya Uwesu, inazunguka shamba hadi shamba, na anayeiruhusu impite huenda mwisho wa foleni. Mpaka imrudie, maua yatakuwa meusi. Mwaka mzima wa nyumba yake ulikuwa juu ya maua yale. Alijaribu kumkasirikia Amri tena, na hasira haikuja.

Alitoa simu, akapiga. Simu yake ilikuwa ya kelele, hata asiyetaka alisikia.

— Uwesu, kesho usije kwangu.

— Mzee Zamu? Unajua ukiruka unakwenda mwisho?

— Najua.

— Haya, mimi sina neno. Basi kesho naanzia kwa Saturnini, ndiye anayefuata.

Saturnini, aliyekuwa ametoa hukumu tangu asubuhi, alirudi nyuma kwenye ubao. Shamba lake lilipakana na uwanja, mti kwa mti. Harithi hakukata simu. Aliinyoosha tu, akaishikilia kati yao, juu ya vikombe.

— Haloo? ilisema simu. — Hakimu yupo hapo? Nije au nisije?